Uzi wa Utumbo na Gambusi la Wazee

Baada ya Idd el-Hajj, familia moja ya hapa Maili Moja ilituletea swali ambalo kamati ya msikiti haikuwa imelizoea. Wamerithi gambusi la babu yao aliyetokea Unguja, na nyuzi zake zote zimekatika. Je, wanaweza kuusokota utumbo wa mbuzi wa udhihiya ukawa nyuzi, kama walivyofanya wazee? Hukumu ya ala za nyuzi ni mlango mwingine, nao masheikh wetu wameuzungumza kwa urefu, hatuufungui hapa. Tulichoulizwa ni utumbo.

Gambusi lilitufikia kutoka Yemen kwa majahazi. Huchongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi, tofauti na udi, ambao mgongo wake huungwa kwa vipande vya mbao na uso wake ni ubao. Ngazija huitwa gabusi. Nyuzi za ala hizi zamani zilikuwa za utumbo na hariri. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza kuwa nyuzi nene za udi ni za utumbo na nyembamba ni za hariri. Ziryab, aliyefika Andalusia mwaka 822, husimuliwa kuwa alitumia utumbo wa mwanasimba. Hapo sisi tungekuwa na swali la tohara kabla ya swali la sauti!

Kazi yenyewe ni ya subira. Utumbo mwembamba wa mbuzi au kondoo hukamuliwa ungali na joto, ukaoshwa, ukalowekwa katika maji ya majivu, kisha mafuta na ute vikakwanguliwa taratibu hadi ubaki utando mwembamba ulio imara. Tando kadhaa husokotwa pamoja zikiwa mbichi, zikavutwa na kukaushwa, kisha zikasuguliwa na kupakwa mafuta. Uzi mnene hutaka tando nyingi zaidi.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafii, utumbo wa mnyama aliyechinjwa kisharia ni tohara ukishaoshwa. Wa mzoga ni najisi, wala kudibaghi hakuusafishi, kwani kudibaghi ni kwa ngozi. Kwa hiyo mwenye kuagiza nyuzi za utumbo kutoka Ulaya, ambako hutengenezwa kwa kondoo na ng'ombe, na aulize kwanza mnyama alichinjwaje. Ama udhihiya, ikiwa ni ya nadhiri hutolewa sadaka yote. Ikiwa ni ya sunna, mwenyewe anaweza kunufaika na sehemu yake, lakini hauzi chochote wala hamlipi mchinjaji kwa kiungo chake, Sayyidna Ali (r.a.) aliamrishwa hivyo na Mtume (s.a.w.). Basi fundi wa nyuzi apewe utumbo, asiuziwe.

Hata hivyo, tusisahau kuwa utumbo ni kitoweo. Zipo nyumba mtaani kwetu ambazo supu ya utumbo ndiyo sehemu yao ya sikukuu. Rai yetu ni kwamba chungu cha mhitaji kitangulie gambusi.

Nailoni ipo, nayo haina ubishi wa kisharia. Mshipi wa kuvulia samaki, unaouzwa katika maduka ya zana za uvuvi, umekwisha kuwa uzi wa gambusi mahali pengi pwani. Ila nailoni ni nyepesi kuliko utumbo, hivyo unene lazima uongezwe kidogo: palipokuwa na utumbo wa milimita 0.60, wekeni nailoni ya 0.65 hivi. Mkiweka nyembamba mno, uzi utalegea na sauti itanyong'onyea. Kampuni ya Aquila ya Italia nayo hutengeneza, tangu 1997, uzi wa plastiki wenye uzito unaokaribia ule wa utumbo.

Tunachokikataa ni nyuzi za chuma za gitaa. Mvuto wake ni mkali. Ngozi hudidimia, shingo hupinda, na urithi wa babu huishia kuwa kuni.

Atakayebahatika kupata utumbo wa halali ajue kuwa hunywa unyevu, na masika ya huku yatamsumbua. Nyuzi zilegezwe kidogo usiku, na za akiba zitunzwe katika kopo kavu lililofungwa. Uzi ukianza kutoa vinyweleo, vikateni kwa kikata kucha. Msivivute, maana utafumuka wote.