KANGA WA PORI: NANI AWINDE, NANI ALINDE?

Mkulima wa Mabwepande anamjua kwale vizuri. Mkulima wa Mbande, upande wa Temeke, naye anamjua. Ukipanda mahindi leo jioni, kesho alfajiri kwale yuko shambani. Anafukua mbegu moja baada ya nyingine. Kanga nao huja kwa kundi. Wakiondoka, mistari ya mahindi imebaki mashimo matupu.

Mkulima hukasirika. Hutega tanzi kando ya shamba. Jioni nyumbani kuna mchuzi.

Ndugu msomaji, je, mkulima huyo amepata kitoweo au amepata kesi? Swali hili si dogo. Kwa miaka mingi limewagombanisha wawindaji na serikali, hapa kwetu na katika nchi nyingine. Serikali inapopunguza au kufunga uwindaji wa ndege, wawindaji hupinga. Wawindaji wana hoja zao. Serikali nayo ina hoja zake. Tuzitazame pande zote mbili.

NDEGE NI WA NANI?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inajibu swali hilo. Wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma. Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Sheria hiyo inaposema mnyama, inamhesabu na ndege. Hata yai la ndege wa porini limo.

Maana yake ni hii. Kanga aliyeingia shambani kwako si kuku wako. Si wa jirani yako pia. Ni wa Watanzania wote. Anayetaka kumwinda lazima apate leseni. Akikutwa na nyama ya porini bila kibali, atashtakiwa kwa kupatikana na nyara za Serikali. Kosa hilo linaweza kumpeleka mtu gerezani. Wahenga walisema: mkamatwa na ngozi ndiye mwizi.

Leseni ndiyo mlango wa halali. Leseni humwambia mwindaji mambo manne: awinde ndege gani, wangapi, wapi na lini. Kwa miaka mingi msimu wa leseni za wenyeji ulianza Julai na kwisha Desemba. Kwa nini si Aprili? Kwa sababu Aprili ni masika. Wakati wa mvua kanga hutaga na kulea. Ukimwua mama, umeua na vifaranga vyake.

MLANGO ULIANZA KUBANWA ZAMANI

Babu zetu wa Uzaramo waliwinda bila karatasi. Walikuwa na mishale, mitego, nyavu na magobole. Watoto walinasa ndege wadogo kwa ulimbo.

Mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilitoa sheria ya uwindaji. Tangu hapo mwindaji alitakiwa kuwa na leseni. Sehemu nyingine zilitengwa na kufungwa kabisa. Wenyeji walizuiwa kuingia katika mapori ya baba zao, lakini Mzungu mwenye fedha na bunduki nzuri aliruhusiwa.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi. Vikaenea mpaka Uzaramo, nyuma tu ya Dar es Salaam. Sote tunajua kwamba watu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu na kutozwa kodi. Lakini baadhi ya wanahistoria wanataja sababu nyingine pia. Watu walikuwa wamenyang'anywa misitu yao na uwindaji wao. Nguruwe mwitu walikula mazao, na mwenye shamba alizuiwa kuwawinda kama alivyozoea.

Basi manung'uniko ya wawindaji si jambo jipya. Yana umri wa zaidi ya miaka 100.

Uhuru ulipokaribia, Mwalimu Julius Nyerere alizungumzia jambo hili. Ilikuwa Arusha, Septemba 1961. Alieleza kwamba wanyamapori ni amana ya watu wa Afrika, na kwamba serikali mpya ingewatunza kwa ajili ya watoto na wajukuu. Hivyo wanyama waliokuwa mali ya mkoloni wakawa amana yetu wenyewe.

MWAKA 1973 UWINDAJI ULIFUNGWA

Tarehe 7 Septemba 1973 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uwindaji wote. Mtalii alisimamishwa. Mwenyeji mwenye leseni alisimamishwa pia. Serikali ilitaka kuzuia ujangili na kupanga utaratibu mpya. Mwaka 1974 ikaja sheria mpya ya wanyamapori. Mwaka huohuo lilianzishwa Shirika la Wanyamapori, TAWICO. Uwindaji ulifunguliwa tena mwaka 1978.

Wenzetu wa Kenya nao walifunga. Mei 1977 uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku huko. Lakini wakati ule Kenya haikuwafungia wawindaji wa ndege. Kanga, kwale na bata wa maji waliendelea kuwindwa kwa leseni. Basi majirani wawili walishika njia mbili.

WAWINDAJI HUSEMA NINI?

Hoja ya kwanza ya wawindaji ni hii. Marufuku humfunga mtu mwema peke yake. Mwenye leseni hutii na kukaa nyumbani. Jangili hakuwa na leseni jana, na leo hana. Pori likibaki bila mwindaji halali, jangili hupata nafasi ya kufanya atakavyo. Hakuna wa kumwona wala wa kumtaja.

Hoja ya pili ni ya haki. Leseni ya mwenyeji ikifungwa na ya mtalii ikaachwa wazi, mwananchi huuliza: Je, mali ya umma imekuwa mali ya mwenye dola?

Hoja ya tatu ni ya fedha. Mwindaji hulipa ada. Fedha hiyo inaweza kusaidia kulinda pori. Ukimwondoa mwindaji, umeondoa na ada yake.

SERIKALI NAYO HUSEMA NINI?

Serikali husema kwamba ndege wana hesabu. Ukichukua kuliko wanavyozaa, watakwisha. Pia leseni inaweza kutumiwa vibaya. Mtu huandikiwa kanga wawili, akaua kumi. Mwingine hununua leseni ya kula nyumbani, akauza nyama sokoni. Kila kijiji hakina askari wa wanyamapori. Basi mambo yakiharibika, kufunga kunaonekana ni njia rahisi.

Tena kuna usalama wa watu. Pori la zamani la Mbezi na Bunju sasa lina nyumba, shule na vituo vya daladala. Risasi ya mtu anayelenga kwale inaweza kumpata mtoto anayetoka shule.

WAWINDAJI WALIOKUBALI KULIPA

Tuvuke bahari kidogo. Marekani yako majimbo ambayo serikali hufuga ndege kwa ajili ya wawindaji. Ndege mmoja ni fezanti. Ni wa jamii moja na kuku na kwale, na asili yake ni Asia. Serikali ya jimbo humlea katika mashamba, kisha humwachia katika mapori ya umma. Mtu asiye na shamba lake naye hupata pa kuwinda.

Kufuga huko kunagharimu fedha nyingi. Mwishoni mwa mwaka 2008 jimbo la New York lilitangaza kufunga shamba lake la fezanti karibu na mji wa Ithaca ili kupunguza gharama. Wawindaji walipinga kwa nguvu. Walisema kwamba ada za leseni ni fedha zao, na zilitolewa kwa kazi hiyo. Mapema mwaka 2009 serikali ya jimbo ilibadili uamuzi.

Jimbo la Pennsylvania lilikuwa na mashamba 4 ya fezanti. Fedha zilipopungua, lilifunga 2. Kisha mwaka 2017 likaanzisha kibali cha fezanti cha dola 25 hivi, juu ya leseni ya kawaida. Wako walionung'unika. Lakini wengi walilipa, na mpango haukufa.

Nchini humo jambo hili lina mizizi. Tangu mwaka 1937 kuna kodi maalumu katika bei ya bunduki na risasi. Fedha hiyo hurudi kwenye kazi ya wanyamapori. Mwindaji akipinga kupunguziwa, ana stakabadhi mkononi. Anaweza kusema: nimelipa, nataka kuona kazi.

Sisi hatuhitaji kuleta fezanti. Tuna kanga, kororo na kwale wetu. Lakini lipo la kujifunza. Anayedai haki ya kuwinda husikilizwa zaidi akionyesha kwamba analipa, anahesabu na analinda.

ADUI ASIYE NA BUNDUKI

Sasa turudi nyumbani. Hapa pembezoni mwa Dar es Salaam yuko adui mwingine wa ndege. Hana bunduki. Ni kupotea kwa pori.

Tazama hesabu ya watu. Mwaka 1978 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu zaidi ya 840,000. Mwaka 2012 walikuwa 4,364,541. Mwaka 2022 walifika 5,383,728. Watu wote hao wanahitaji nyumba, kuni, mkaa na barabara. Kichaka alichotagia kanga mwaka 1978 leo ni kiwanja chenye ukuta.

Karibu na Mabwepande kuna Pori la Akiba Pande. Lilikuwa msitu wa hifadhi. Mwaka 1990 likafanywa pori la akiba. Ni dogo, kiasi cha kilometa 12 za mraba. Mji unalikaribia. Likikatwa kwa mkaa, hakuna leseni wala marufuku itakayomrudisha kororo. Wahenga walisema: kanga hazai ugenini. Kwao kanga ni kichakani. Ukiondoa kichaka, umemfanya mgeni.

Adui wa pili ni mtego na sumu. Tanzi halichagui. Hunasa jike lenye vifaranga, hunasa na mbuzi wa jirani. Sumu ni mbaya zaidi. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watu wameonekana wakitegea ndege kwa dawa kali ya wadudu, kisha wakauza nyama yake iliwe. Anayeila hula na sumu. Kwetu sheria inakataza kuwinda kwa sumu, tanzi, nyavu, mashimo na taa za usiku.

Basi, ndugu msomaji, ukweli ni huu. Kufunga mlango peke yake hakumwokoi ndege, maana pori linaendelea kukatwa. Kuacha mlango wazi bila hesabu nako hakumwokoi. Wawindaji wana haki ya kupinga mlango unapofungwa bila maelezo. Lakini hoja yao itakuwa na nguvu wakiwa wa kwanza kumtaja jangili, wa kwanza kung'oa tanzi, na wa kwanza kukizuia kichaka kisichomwe moto.

TUFANYE NINI?

Kwanza, usiwinde kwa kubahatisha. Nenda kwa Afisa Wanyamapori wa wilaya yako. Mwulize kama leseni zinatolewa, na ni za wapi. Usinunue nyama ya porini njiani. Huwezi kujua ilipatikanaje.

Pili, linda mbegu bila kuua. Panda wakati mmoja na jirani zako, ili ndege wasielemee shamba moja. Fukia mbegu vizuri. Weka zamu ya kuamia alfajiri na jioni, hasa siku za kwanza baada ya kupanda. Ndege wakizidi, toeni taarifa kwa maofisa kupitia serikali ya mtaa au kijiji.

Tatu, acha kichaka kidogo kando ya mto na kwenye mipaka ya shamba. Kanga na kwale hula pia wadudu na mbegu za magugu. Si maadui siku zote.

Nne, fuga. Kanga hufugika. Nunua mayai au vifaranga kwa mfugaji mwenye kanga wa kufugwa. Usiokote mayai porini, hilo nalo ni kosa. Mwatamishe kuku, maana kuku ni mama mzuri kuliko kanga mwenyewe. Mayai ya kanga huanguliwa baada ya siku 26 hadi 28. Mayai ya kuku ni siku 21, kwa hiyo usiyachanganye. Vifaranga wakinyeshewa au wakitembea kwenye umande hufa upesi. Waweke pakavu, penye joto. Wape mchwa na chakula kilichosagwa. Wakikua, hupiga kelele mgeni akija, kama mbwa.

Kanga wa kufuga ni wako. Mle, muuze au mzawadie mkweo. Kanga wa pori ni wetu sote. Tusimmalize kabla wajukuu hawajamsikia akilia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini sheria inasema ndege wa porini ni mali ya umma?
2. Taja hoja tatu za wawindaji wanaopinga kufungwa kwa uwindaji. Ipi ina nguvu zaidi? Kwa nini?
3. Mtaani au kijijini kwenu, nini kimepunguza ndege zaidi: bunduki, mitego, au kukatwa kwa vichaka?
4. Kama wawindaji wa kwenu wangelipa ada, mngependa fedha hiyo ifanye kazi gani?