Kufufua Jeshi la Risasi bila Kulivua Rangi

Ukirithi sanduku la askari wadogo wa madini ya risasi waliopakwa rangi miaka ya 1970, usikimbilie brashi. Lifungue kwanza, unuse. Harufu ya siki ni habari mbaya kuliko rangi iliyobanduka: mbao au karatasi ngumu za sanduku hilo zinatoa mvuke wa asidi, na risasi haina adui mkubwa kuliko huo.

Masanduku ya namna hiyo mengi yanatoka Uingereza. Huko ndiko mwandishi H. G. Wells alikochapisha kanuni zake za vita vya sebuleni mwaka 1913, na mchezo ukashika kasi baada ya Donald Featherstone kutoa kitabu chake, War Games, mwaka 1962. Viwanda kama Hinchliffe na Minifigs vikafyatua askari wa kimo cha milimita 25, na vijana wakakesha wakiwapaka sare za vita vya Waterloo, mkanda kwa mkanda. Vijana wale leo ni wazee. Majeshi yao yanagawiwa wajukuu, yanauzwa, au yanateremshwa darini yakiwa yamesahauliwa.

Anayeyapokea hushikwa na hamu ya kuvua rangi yote aanze upya. Mimi siungi mkono. Sanamu tupu ya aina ileile mara nyingi bado inapatikana, kwa kuwa kalibu kadhaa za zamani zingali kazini. Ila mkono uliotia vifungo vya dhahabu kwenye koti lisilozidi upana wa ukucha hauuzwi dukani. Tibu ugonjwa, unga kilichovunjika, basi.

Ugonjwa wenyewe ni unga mweupe, au vipele vinavyoinua rangi kutoka chini. Wengi husingizia baridi. Ni kweli stani safi ikikaa chini ya nyuzijoto 13 huweza kugeuka unga wa kijivu, lakini sanamu hizi ni mchanganyiko wa risasi, stani na antimoni, na mchanganyiko huo hauugui hivyo kirahisi. Mhalifu ni asidi ya siki. Mbao za mwaloni huitoa kwa wingi. MDF, plaiwudi na makaratasi nayo yamo. Asidi ikipata unyevu hula risasi, kisha hewa ukaa hukigeuza kilicholiwa kuwa kaboneti, na hapo asidi hubaki huru kwenda kula tena. Kwa hiyo kumpangusa askari na kumrudisha kwenye kabati lilelile ni kutwanga maji kinuni. Wahifadhi wa mifano ya meli wa Jeshi la Wanamaji la Marekani wamehangaika na balaa hilohilo, nanga na mizinga midogo ya risasi ikigeuka unga ndani ya makabati ya vioo.

Unga huo ni sumu. Usiupulize, wala usipige msasa mkavu. Vaa glavu na barakoa, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kisha ukitupe, na kikombe cha chai kikae chumba kingine. Watoto wasiwe karibu. Ukifikia madini yanayong'aa, kausha vizuri, tia rangi ya chini, halafu vanishi. Makao mapya yawe sanduku la chuma lenye kupitisha hewa.

Waliosalimika wanahitaji kuogeshwa tu: maji ya vuguvugu, tone la sabuni isiyo kali, brashi laini. Rangi za mafuta za enzi zile, kama Humbrol, huvumilia. Rangi za maji zijaribu kwanza mahali pasipoonekana, mathalani chini ya tumbo la farasi.

Singe iliyopinda inyooshe mara moja, polepole, kisha uiache hata kama haikunyooka sawasawa, maana antimoni huufanya mchanganyiko huo ukatike ghafla. Mkono uliong'oka toboa pande zote mbili kwa kekee ya mkono, ingiza kipande cha waya wa shaba, ugandishe kwa supagluu. Gundi peke yake haidumu.

Kazi inayowashinda wengi ni kulinganisha rangi. Buluu ya kopo jipya, hata ikiwa na jina lilelile, itapiga kelele kando ya buluu iliyopauka na kufunikwa na vanishi iliyogeuka njano. Ichanganye na kijivu kidogo na tone la njano, ijaribu kwenye karatasi, iache ikauke ndipo uamue. Gusa madoa matupu tu. Kama jeshi lilikuwa la kung'aa, kama wengi walivyopenda wakati ule, libaki la kung'aa. Kulifubaza kwa ajili ya mitindo ya leo ni kulivisha sare ya watu wengine.

Vitako navyo vina mambo yake. Kadibodi iliyolowa gundi hupinda pembeni na kuwaangusha askari kama walevi. Kabla ya kuibandua, igeuze. Chini yake utakuta jina la kikosi kwa kalamu ya wino, pengine na mwaka na herufi za mpakaji. Piga picha. Kitako kipya kikiwekewa karatasi ya sumaku chini, askari watasimama imara ndani ya sanduku la chuma na wataacha kukwaruzana. Na usiwapange kikosi kimoja na sanamu za kisasa za milimita 28. Wazee wataonekana watoto.

Kuvua rangi nakuruhusu pale tu ilipokuwa tope lililofuta uso. Mafundi wengi wa Uingereza hutumia Dettol, hii hii ya majumbani kwetu. Loweka usiku kucha, sugua kwa mswaki mkuukuu, na suuza kwa Dettol safi kwanza. Maji yakitangulia, rangi iliyolegea hugeuka ulimbo mweusi unaong'ang'ania kila mkunjo wa nguo, na utaijutia jioni nzima.

Askari wa plastiki laini wa Airfix, walioanza kutoka mwaka 1959, ni habari nyingine. Rangi huwabanduka kwa sababu polithini haishiki kitu, na baadhi yao kwa uzee hukauka hadi bunduki inakatika ukiigusa. Hao hawana dawa. Watie vanishi inayonyumbulika, wapange rafuni, na vita wapigane wengine.