Play ilikufa, mchezo ulibakia

Kuko mmoja wetu aliniona juzi nikicheza Tekken 3 ku ile kompyuta ya kizee niliyoandikia memwari yangu ya maharagwe, akaniuliza: "Sema ukweli, ni virusi gani ile umeweka ndani?" Nilimuahidi nitajibu hapa, juu jibu haliingii katika mesaje moja ya WhatsApp.

Nianzie ku Play yenyewe. Ilikuwa ya kaka yangu mkubwa, PSone, ile ndogo nyeupe ambayo Sony ilianza kuuza mwaka wa 2000. Mwezi wa 6 mwaka wa 2004, wakati waasi walishika Bukavu kwa juma moja na nyumba za watu zilikuwa zinaporwa, kaka aliifunga ndani ya shuka na kuifukia katikati ya gunia ya maharagwe. Televizioni ilienda. Play ilibakia. (Mama alisema heri wangebeba Play na kutuachia televizioni.) Ilitufikisha mpaka 2011. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi na nguvu kupita kiasi, stabilizateri hatukuwa nayo, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaza salo. Mutengenezaji aliifungua, akaiangalia, akaifunga bila kuomba hata franka. Tukajua imeisha. Leo kaka anaishi Kampala, na kitu alichoniachia ni boksi ya diski 14 na karte moja ya memori.

Sasa, watu wengi wanachanganya mashini na mchezo. Diski ya Tekken ni orodha ndefu ya amri zilizoandikwa kwa lugha ya chipu moja tu, ile ya PlayStation. Kompyuta yako haijui ile lugha. Ukiingiza diski, itaona mafaili isiyoyaelewa, basi. Emuleta ni programu inayojifanya kuwa ile mashini. Inasoma amri ya mchezo, inaigeuza katika lugha ya kompyuta, inatoa picha ku ekra na sauti ku bafle, na mchezo wenyewe haujui kama umehama nyumba. Ndani ya emuleta hamna mchezo hata mmoja. Mushike hapo, tutaparudia.

Namna gani inageuza? Wale tunaosali ku makanisa yenye wageni tunajua kazi ya mkalimani. Mhubiri anasema sentensi moja kwa Kifaransa, ananyamaza, mkalimani anaigeuza kwa Kiswahili ama kwa Mashi, kisha sentensi nyingine. Mahubiri ya saa moja yanachukua saa mbili, na wewe tumbo linaanza kulia. Emuleta za kwanza zilifanya hivyo, amri moja kwa moja. Lakini kuko mkalimani mwenye akili: amesikia mhubiri akirudilia maneno yale yale mara ya kumi, basi ameyaandika mu kaye yake na hayafikirii tena, anasoma tu. Emuleta za leo zinafanya vile. Zinageuza kipande kizima cha amri mara moja, zinakiweka pembeni, na kila mara mchezo unaporudia pale, jibu liko tayari. Na michezo inarudilia mambo yale yale mara nyingi kwa kila sekunde.

Hata hivyo kompyuta inapashwa kuwa na nguvu kuliko mashini inayoigwa, tena kwa mbali. Chipu ya PlayStation ilitembea kwa megahezi karibu 34, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 2 tu. Picha moja ya simu yako leo inaweza kuipita. Shida ni kwamba pembeni ya ile chipu kuko nyingine ya picha, nyingine ya sauti, na kisomaji cha diski, zote zinafanya kazi wakati mmoja kama kwaya. Sauti ikitangulia kidogo tu, muziki unakwaruza. Picha ikichelewa, mchezo unakwama. Mwaka wa 2011 mtu aliyeandika bsnes, emuleta ya Super Nintendo, alieleza kwamba kuiga ile mashini ya 1990 bila kosa hata moja kulidai kompyuta ya gigahezi karibu 3. Sisi wa agronomi haitushangazi. Kulima are moja ni kazi ya siku. Kueleza kila kitu kinachofanyika ndani ya udongo wa ile are, hata doktora haitoshi.

Kwa hiyo kabla ya kupakua kitu, uangalie mashini yako. Kompyuta za mkono wa pili tunazonunua hapa Bukavu, zile za Core 2 Duo na gigabaiti 2 za RAM, zinabeba michezo yote ya wakati wa kaseti. Kwa Nintendo ya kwanza tumia Mesen ama FCEUX, kwa Super Nintendo tumia Snes9x. PlayStation ya kwanza pia inatembea. Ku simu, vijana wengi wanajua tayari PPSSPP, ile ya kucheza PES ya PSP yenye wachezaji wa msimu huu; hawajui tu kama hiyo nayo ni emuleta. PlayStation 2 ndiyo habari nyingine. PCSX2 inataka mashini ya kisasa, na juu ya ile yangu ilitoa picha moja, ikafikiri, ikatoa ya pili.

Na nikitaja PlayStation 2, mtu wa Kivu hawezi kuruka bila kusema neno. Ilitoka Japani mwezi wa 3 mwaka wa 2000, na mwaka ule ule bei ya tantali, metali inayotolewa ndani ya koltani, ilipanda karibu mara kumi kabla ya kuanguka tena 2001. Wachimbaji waliingia mpaka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, sokwe na tembo wakauliwa kwa nyama, na RCD waliokuwa wanatutawala wakapatia kampuni moja haki ya kuuza koltani yote. Kuko wazungu waliiita vita ya PlayStation. Kwangu huko ni kuzidisha. Simu na kompyuta nazo zilitaka ile tantali, Australia njo ilikuwa inatoa nyingi kuliko sisi, na vita yetu ilianza kabla ya ile Play kutoka. Lakini kipande cha milima yetu kiliingia ndani ya mashini za miaka ile, hilo halipingiki. Kutupa kompyuta inayoweza bado kufanya kazi kunanisumbua kidogo juu ya sababu hiyo.

Turudi ku swali la virusi, ambalo kwa kweli ni swali la sheria: je, ni wizi? Emuleta yenyewe, hapana. Mwaka wa 1999 kampuni ya Marekani kwa jina Connectix iliuza programu iliyochezesha diski za PlayStation ku kompyuta za Macintosh. Sony iliwashitaki. Februari 2000 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba Connectix walikuwa na haki ya kuchunguza namna mashini inafanya kazi, na programu waliyouza haikuwa na kipande cha maandishi ya Sony ndani. Sony ikamaliza kesi kwa njia ya sokoni: 2001 ilinunua ile programu na kuizima. Cha kuchekesha, mwaka wa 2018 Sony yenyewe ilitoa PlayStation Classic, kaboksi kadogo ka michezo 20 ya zamani, na ndani yake waliweka PCSX ReARMed, emuleta iliyoandikwa na watu wa inje na kutolewa bure.

Mchezo, sasa, uko na mwenyewe. Hapa Kongo sheria ya haki za watungaji ni ya tarehe 5 Aprili 1986, na haikufutwa na intaneti. Kuchukua mchezo wa mtu ku saiti yoyote ni kuchukua kitu cha mtu, hata kama kila mtu anafanya. Njia safi ni kugeuza diski yako mwenyewe kuwa faili. Nilikuwa na boksi ya kaka, nikajiona mtu wa haki kabisa. Kisha nikageuza diski. Diski za kweli za PlayStation ni nyeusi chini. Kati ya zile 14, nyeusi zilikuwa mbili. Zingine zote ni kopi za sokoni, na Play yenyewe ilikuwa imetiwa chipu ili izikubali. Nani kati yetu alijua, na umri wa miaka saba? Wakati ule hata duka moja lenye diski za kweli sikulijua. Na hata kule kwenye maduka hali si nzuri sana: uchunguzi wa 2023 wa Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani haiuzwi tena. Mimi sikutafuta sababu ya kujitakasa. Nimeandika tu vile ilivyo.

Kazi yenyewe ni hii. Unahitaji kompyuta yenye kisomaji cha CD na programu ya bure kama ImgBurn. Soma diski polepole, usiharakishe, juu zile kopi za zamani zinaharibika na unyevu. Unapata mafaili mawili: bin, ambayo ni diski nzima, na cue, karatasi ndogo inayosema wapi mchezo unaanza na wapi muziki unaanza. Usitupe cue, mchezo utacheza bila nyimbo. Katika diski zangu 14, sita zilikubali.

Halafu unakutana na BIOS, ile programu ya kilobaiti 512 iliyolala ndani ya konsoli na kuiamsha. Ni mali ya Sony, na emuleta nzuri kama DuckStation inaidai. Kuitoa ku Play yako mwenyewe inawezekana, kama Play iko hai. Yangu iliungua. Njo maana natumia RetroArch na ile PCSX ReARMed, ambayo iko na BIOS yake ya kuiga. Michezo minne inaenda vizuri, mmoja unakwama ku ekra ya kwanza, na mwingine unapoteza sauti. Navumilia. Manete ya USB nilipata Kadutu, inatosha.

Kwa sisi wa mji wa umeme wa kuja na kuondoka, kuko zawadi moja Play ya zamani haikuwa nayo. Emuleta inaweza kuhifadhi hali nzima ya mashini wakati wowote, katikati ya goli, kwa kubonyeza mara moja. Na kompyuta ya mkononi iko na batri, hata kama yangu inashika dakika 25 tu. Ila nisikilizeni vizuri hapa. Ile hifadhi ya haraka inaelewana na emuleta iliyoitengeneza. Nilifanya mizajuri ya programu, nikafungua msimu wangu wa miezi miwili, ikakataa. Tangu siku ile nahifadhi pia ndani ya mchezo wenyewe, ku karte ya memori ya kuiga. Ni faili ndogo ya kilobaiti 128, emuleta nyingi zinaisoma, na unaweza kuibeba ku flashi.

Karte ya kweli, ile ya kaka, bado iko mu kabati. Ndani kuko timu aliyoijenga toka 2003, wachezaji aliowapatia majina ya wana-kartie wetu, wengine hawapo tena. Kompyuta haina tundu la kuiingiza. Kuko kifaa kidogo cha USB ambacho Sony ilitengeneza kwa ajili ya PlayStation 3, kinasoma karte za zamani, na watu wameandika programu ya kukitumia ku kompyuta. Hapa Bukavu sijakipata. Kaka anakitafuta Kampala, na juma lililopita alinitumia picha ya kitu alichoonyeshwa sokoni, akiuliza kama ndicho. Hakikuwa chenyewe. Kilikuwa cha kusoma karte za foto. Kama mmoja wenu amekiona mahali, muniandikie hapa chini.