Nasaba ya Karafuu

Mapera, zambarau, matufaa na karafuu zote zinajulikana sana katika soko la Darajani, Zanzibar. Macho yakiachiwa kazi ya kuzigawa, yatayaweka matunda matatu upande mmoja na karafuu peke yake. Vinasaba vinagawa vingine kabisa: karafuu, zambarau na tufaa ni watoto wa tumbo moja, jenasi ya Syzygium, na pera ndilo jamaa wa mbali. Anayemtafuta ndugu wa karibu wa mpera aende maweni, kwenye vichaka vinavyoota juu ya mawe ya matumbawe, akautazame mkaaga, ambao kitaalamu ni Eugenia capensis.

Jina hilo la Eugenia ndilo lililoleta mvutano, maana karafuu yenyewe ililibeba kwa miaka mingi. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiandika Caryophyllus aromaticus mwaka 1753. Baadaye ikawa Eugenia caryophyllata. Kisha mwaka 1939 wataalamu Merrill na Perry wakaiita Syzygium aromaticum. Waliochanganya jenasi hizi mbili hawakuwa wazembe. Zote zina tunda lenye nyama, ua lenye nyuzi nyingi za chavua, na jani ambalo ukiliinua juani linaonyesha vitone vya mafuta. Tofauti ilikuwa imejificha ndani. Mwaka 1972 mtaalamu wa mimea Robert Schmid alionyesha kwamba katika Eugenia mishipa inayolisha vijiyai hupita kwenye kuta zinazotenga vyumba vya ovari, lakini katika Syzygium hupanda katikati, kwenye mhimili wa ovari. Ni alama ndogo mno, na mtu ana haki ya kuuliza kama inatosha kutenganisha mamia ya spishi.

Jibu lilikuja kutoka mahali ambapo umbo la ua halina usemi. Mwaka 2005 Peter Wilson na wenzake walipanga upya familia nzima ya mimea iliyo na jenasi hizi kwa kulinganisha jeni iitwayo matK, iliyomo kwenye kloroplasti za majani. Eugenia ikaangukia kundi moja na mpera, Syzygium ikasimama katika kundi lake, na mikalitusi, yenye vitunda vikavu kama mbao, ikawa ndani ya ukoo uleule wa matawi haya. Hapo mgawanyo wa zamani, uliotenga mimea ya matunda ya nyama na ile ya matunda makavu, ulivunjika: tunda la nyama limezuka zaidi ya mara moja katika familia hii. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo kubwa kuliko jina lenyewe, kwa kuwa linaeleza kwa nini macho yalidanganyika. Wapo watakaosema jeni moja ni shahidi mmoja. Ni kweli, ila shahidi huyu amekubaliana na mishipa ya Schmid bila kuambizana, na utafiti wa mwaka 2022 uliosoma jenomu za spishi nyingi za Syzygium, jenasi yenye spishi zipatazo 1,200, umeuimarisha ukoo huo.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima: karafuu ni karafuu, inachumwa, inachambuliwa makonyo, inaanikwa juani, jina la Kilatini linamwongezea nini? Kwenye jamvi, halimwongezei kitu. Linamfaa mti unapougua. Kuvu aliyehusishwa na kifo cha ghafla cha mikarafuu ya Zanzibar alipewa jina Valsa eugeniae. Bakteria anayeua mikarafuu Sumatra anaitwa Ralstonia syzygii. Mti ni uleule, lakini maandishi yake yamegawanyika chini ya majina mawili, na mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, Zanzibar, anayefuata jina moja tu anaikosa nusu ya elimu. Na akitaka kujua ni mti gani mwingine shambani unaoweza kuhifadhi maradhi hayo, nasaba inamwelekeza aanze na mzambarau ulio mpakani kabla ya kuugusa mpera.