Homa ya Ini B na Saratani (Sehemu ya 2): Jeni Zinaponyamazishwa

Virusi vya homa ya ini aina ya B vina DNA fupi mno, herufi 3,200 hivi, lakini vikishaingia kwenye kiini cha seli ya ini havitoki kirahisi. DNA yao hujifunga ikawa duara, kisha huvingirishwa kwenye histoni, yaani protini za seli yenyewe, kama uzi kwenye kijiti. Dawa zilizopo huzuia virusi kuzaana. Duara hilo hubaki.

Kutokana na duara hilo hutengenezwa HBx, protini ndogo yenye madhara makubwa. Seli ya ini ina ulinzi uitwao Smc5/6, unaozima DNA ngeni. Mwaka 2016 ilibainika kuwa HBx huuvunjavunja. Kisha hugeukia jeni za mwenyeji. Huchochea vimeng'enya vinavyobandika alama za kemikali ziitwazo metili kwenye DNA, na jeni iliyobandikwa hivyo mwanzoni mwake haisomwi tena. Miongoni mwa zinazozimwa ni p16 na RASSF1A, ambazo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni usomaji wake, na hayo ndiyo mabadiliko ya epijenetiki. Seli ikigawanyika huzirithisha alama hizo. Ndiyo sababu mojawapo dawa hupunguza hatari ya saratani bila kuiondoa kabisa.

Mabadiliko haya huchukua miongo. Mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban 90% wa kubaki na virusi maishani. Kwa mtu mzima ni chini ya 5%. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2001, wakiwa na wiki 6, 10 na 14, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kinga hiyo.

Kaunti za Homa Bay na Migori zina mzigo wa ziada. Katika utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018, Homa Bay iliongoza nchini kwa maambukizi ya HIV, 19.6% ya watu wazima. Migori ilikuwa na 13%. HIV hudhoofisha kinga inayopambana na virusi vya ini. La kutia moyo ni kwamba kidonge cha HIV kiitwacho TLD, kinachomezwa mara moja kwa siku, kina tenofoviri na lamivudini, na zote mbili hukandamiza virusi vya homa ya ini B. Mgonjwa wa Ndhiwa au Rongo anaweza kuwa anatibiwa magonjwa mawili huku akijua mmoja tu. Akiacha dawa, au akibadilishiwa bila kupimwa HBsAg (kipimo cha homa ya ini B) kwanza, ugonjwa wa ini unaweza kurudi kwa kishindo. Kipimo hicho hakifai kurukwa kamwe.

Kuna pia aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Utafiti uliochapishwa 2009 kuhusu karanga za Homa Bay na Busia ulizikuta baadhi zimevuka kiwango salama. Sumu hii hubadilisha herufi yenyewe, kwenye kodoni ya 249 ya jeni TP53, na ikikutana na virusi hatari ya saratani huzidi maradufu.

Kipimo cha AFP, kinachotumiwa kutafuta saratani ya ini, hutegemea mabadiliko ya epijenetiki yaliyotajwa hapo juu. Jeni ya AFP hufanya kazi kwenye ini la kijusi, hufungwa baada ya kuzaliwa, na mara nyingi hufunguka upya saratani inapoanza. Lakini si kila uvimbe huifungua, kwa hiyo mwenye makovu ya ini hupimwa pia kwa mawimbi ya sauti kila miezi 6.