Je, Wajua? Saa Itakayorudi Enzi ya Mjerumani

Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi, programu kuukuu ya Mbeya au Iringa inayohesabu sekunde kwa biti 32 tangu 1970 itajaza hesabu yake na kuruka nyuma hadi 13 Desemba 1901, miaka mitatu tu baada ya kifo cha Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani! Kuirekebisha programu yenyewe huenda kusitoshe. Kosa huweza kujificha ndani ya maktaba ya msimbo iliyounganishwa nayo, iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine, na msimbo wake asilia umepotea. Fundi akiichungulia haoni majina wala mistari, bali anwani za kumbukumbu na amri za prosesa, azifuate moja moja. Kazi ya kuumiza kichwa, hasa aliyeiandika akiwa amekwisha kustaafu.