UFUGAJI WA WANYAMA WA MANYOYA: SWALI LISILOANDIKWA KATIKA DAFTARI

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo tulivyofundishwa, na kazi ya mkaguzi ni kuhakikisha kuwa fundisho hilo halisahauliwi. Lakini katika makala hii napenda tulitazame jambo hilo kwa upande wa pili. Je, yawezekana daftari la chama likawa safi, mizania ikalingana, kila mwanachama akalipwa haki yake, na bado kukabaki deni ambalo halikuandikwa popote? Jibu langu ni kwamba yawezekana. Nitalieleza kwa mfano wa ushirika wa nchi ya mbali, uliofuga wanyama ambao wengi wetu hatujapata kuwaona kwa macho.

Ushirika wa wafugaji wa Denmark

Aliyesomea ushirika hawezi kuwa hajasikia habari za Denmark. Mwaka 1882 wakulima wa Hjedding, magharibi mwa Jutland, waliunda chama cha kiwanda cha maziwa ambacho kiliigwa nchini kote. Tena, kuanzia miaka ya 1960, Denmark ilikuwa miongoni mwa nchi za Nordiki zilizosaidia elimu ya ushirika katika Kenya na Tanzania. Lisilojulikana sana kwetu ni kwamba wakulima wa nchi hiyo walikuwa pia na ushirika mkubwa wa ngozi za manyoya. Chama chao kilianzishwa mwaka 1930. Nyumba yao ya mnada, iliyokuja kujulikana kwa jina la Kopenhagen Fur, ilikuwa Glostrup, karibu na mji mkuu wa Copenhagen, na ilikuwa kubwa kupita zote za aina yake duniani.

Utaratibu wa mnada huo ungempendeza mkaguzi yeyote. Mfugaji alipeleka ngozi zake ghalani. Huko zilipangwa kwa jinsia ya mnyama, ukubwa, rangi na ubora wa manyoya, kisha ngozi za wafugaji wengi zilizofanana ziliunganishwa kuwa fungu moja. Kwa njia hii mwenye ngozi chache aliuza katika fungu lile lile na mwenye ngozi maelfu, na wote wakapata bei ya daraja lao. Wanunuzi wakubwa, wengi wao kutoka China, walishindana kwa mafungu hayo. Ndugu zetu wa vyama vya kahawa wataliona hapa jambo wanalolijua vizuri.

Basi ushirika huu haukuwa na kasoro katika upimaji, upangaji wa madaraja wala malipo. Swali linalotuhusu lilikuwa mahali pengine: huko shambani, kabla ngozi haijawa ngozi.

Maisha ya minki

Mnyama aliyefugwa zaidi huitwa minki. Ni mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, mrefu wa mwili na mfupi wa miguu, na asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Porini huishi peke yake kandokando ya mito na maziwa, huogelea na kupiga mbizi, na hula samaki, vyura, panya na ndege. Manyoya yake ni mororo na mazito, na hayo ndiyo yaliyomtia kizimbani.

Shambani, majike hupandishwa mwezi wa Machi na kuzaa mwishoni mwa Aprili au katika Mei. Watoto huachishwa ziwa wakiwa na umri wa wiki nane hivi. Ifikapo Novemba, manyoya ya majira ya baridi yakiwa yamekomaa, wengi wao huuawa kwa gesi ndani ya sanduku, na wachache huachwa kwa ajili ya mbegu. Kwa hiyo minki wa ngozi huishi miezi sita au saba tu.

Miezi hiyo huipitisha katika kizimba cha waya, ambacho sakafu yake pia ni waya ili kinyesi kianguke chini. Kando yake huwekwa kisanduku cha kulalia chenye majani makavu. Mapendekezo ya Baraza la Ulaya ya mwaka 1999 yalitaja eneo la sentimeta za mraba 2,550 na kimo cha sentimeta 45. Tuseme upana wa sentimeta 30 kwa urefu wa sentimeta 85. Katibu anaweza kukipima kizimba hicho juu ya meza yake ya ofisi na bado akabakiwa na nafasi ya kuandikia.

Wataalamu waliochunguza mashamba hayo wameeleza kwamba baadhi ya minki huenda mbele na nyuma kizimbani kwa saa nyingi, wakirudia mwendo ule ule bila kusudi, na wengine hutafuna manyoya ya mikia yao wenyewe. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Georgia Mason na wenzake, walitangaza jaribio moja la maana. Waliwawekea minki milango ya kusukuma ili wafikie vitu mbalimbali: bwawa dogo la maji, jukwaa, kiota cha pili, vitu vya kuchezea na vinginevyo. Kisha waliongeza uzito milangoni kidogo kidogo. Minki walijitahidi zaidi kulifikia bwawa kuliko kitu kingine chochote. Walipozuiwa wasilifikie, homoni ya dhiki katika mkojo wao ilipanda karibu sawasawa na walipozuiwa chakula. Sisi watu wa biashara tunaielewa lugha hiyo. Minki waliulizwa watalipa bei gani, nao wakaitaja.

Hoja za wafugaji

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wafugaji wa Denmark hawakuwa watu wasio na hoja. Walisema kwamba minki wa shamba si minki wa porini, kwa kuwa amezalishwa vizazi vingi mikononi mwa watu. Tena utafiti wa Denmark yenyewe ulionyesha kuwa kwa kuchagua mbegu za wanyama watulivu, hofu hupungua. Walisema mnyama aliyedhoofika hawezi kutoa ngozi nzuri, hivyo mfugaji ana faida katika kumtunza. Walisema minki hulishwa mabaki ya viwanda vya samaki na machinjio ambayo yangetupwa. Walisema pia kwamba huuawa pale pale shambani bila kusafirishwa mwendo mrefu, jambo ambalo wafugaji wengi wa ng'ombe hawawezi kulisema. Mwisho, walisema kuwa kazi hiyo iliziweka familia vijijini.

Hoja hizi zina uzito, lakini ziko mbili zinazohitaji kujibiwa. Ya kwanza ni ile ya ngozi nzuri. Manyoya humea kwa chakula, mbegu bora na majira ya baridi. Mnyama aweza kuwa na manyoya ya daraja la kwanza na huku anazunguka kizimbani mchana kutwa. Ngozi hushuhudia lishe, haishuhudii yote. Ya pili inahusu haja yenyewe. Ng'ombe hutoa maziwa, nyama na mbolea, na ngozi yake ni zao la ziada. Minki hufugwa kwa ajili ya ngozi tu, nayo huwa koti la fahari ambalo mtu aweza kulikosa asidhurike. Kadiri haja inavyokuwa ndogo, ndivyo dhiki ya mnyama inavyokuwa ngumu kuitetea.

Ukaguzi na mipaka yake

Wafugaji wa Ulaya hawakukaa kimya. Kuanzia mwaka 2009 waligharimia utaratibu wa ukaguzi ulioitwa WelFur, uliobuniwa na wataalamu wa vyuo vikuu. Wakaguzi walitembelea mashamba kwa majira tofauti ya mwaka, wakaangalia unene wa wanyama, majeraha, maji, majani ya kulalia, hofu mbele ya binadamu na mengineyo, kisha wakatoa alama.

Mimi nikiwa mkaguzi siwezi kuudharau utaratibu huo. Lakini najua pia udhaifu wa fomu. Fomu hujibu swali lililochapwa juu yake. WelFur ililinganisha shamba na shamba jingine, yote yakiwa ya vizimba. Haikuuliza kama kizimba chenyewe chafaa. Swali hilo liliulizwa na wengine. Uingereza ilitunga sheria ya kukomesha ufugaji huo mwaka 2000. Bunge la Denmark lenyewe lilipitisha mwaka 2009 sheria ya kuukomesha ufugaji wa mbweha wa manyoya. Norway iliamua vivyo hivyo mwaka 2019 kwa wanyama wote wa manyoya. Mwaka 2023 raia zaidi ya milioni moja na nusu wa Umoja wa Ulaya walitia sahihi ombi la kutaka ukomeshwe katika nchi zao zote. Mwaka 2025 mamlaka ya Umoja huo inayoshughulikia usalama wa chakula ilitoa maoni ya kitaalamu kwamba sehemu kubwa ya madhara yanayowapata wanyama hao haiwezi kuondolewa maadamu wanafugwa katika vizimba vya aina iliyopo.

Mwaka 2020

Ushirika wa Denmark ulikwisha kuyumba kabla ya hapo, kwa sababu bei ya ngozi ilifikia kilele mwaka 2013 kisha ikaanguka kwa zaidi ya nusu. Ndipo ukaja ugonjwa wa korona. Mnamo Juni 2020 virusi viligunduliwa katika shamba la minki kaskazini mwa Jutland. Maelfu ya wanyama wa jamii moja wakiwa wamepangwa safu kwa safu bandani, ugonjwa ulipita kutoka kwa watu kwenda kwa minki, na kutoka kwa minki kurudi kwa watu, ukibadilika njiani. Tarehe 4 Novemba 2020 Waziri Mkuu, Mette Frederiksen, alitangaza kwamba minki wote nchini wauawe.

Wanyama kati ya milioni 15 na 17 waliuawa. Baada ya siku chache serikali ilikiri kuwa haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuamuru hivyo kwa mashamba yaliyo mbali na maambukizo, na Waziri wa Chakula akajiuzulu. Mizoga mingi ilifukiwa upesi katika maeneo ya jeshi huko Jutland. Gesi ya uozo ikaisukuma mingine juu ya ardhi, na mwaka 2021 ikafukuliwa ili ichomwe. Wafugaji waliahidiwa fidia iliyokadiriwa kufikia kroner bilioni 19. Tarehe 12 Novemba 2020 Kopenhagen Fur ilitangaza kwamba itafunga shughuli zake hatua kwa hatua. Kuanzia Januari 2023 ufugaji wa minki uliruhusiwa tena, lakini waliorudi ni wachache mno.

Haitakuwa kweli kusema kwamba ushirika huo uliuawa na ukatili. Uliuawa na ugonjwa pamoja na amri. Hata hivyo, msongamano uliofanya gharama ziwe ndogo ndio huo huo uliofanya maradhi yaenee upesi. Swali ambalo wanachama hawakuliuliza wenyewe kwa miaka tisini liliishia mikononi mwa wengine, na wakati huo Mkutano Mkuu haukuwa tena na la kupigia kura.

Linalotuhusu sisi

Sisi hatufugi minki. Lakini niseme jambo moja lililonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua chama kimoja cha wafugaji. Vitabu vilikuwa safi kabisa: stakabadhi, daftari la mapokezi, benki, vyote vililingana hadi shilingi ya mwisho. Nilipotoka nje kunyosha miguu, niliona nyuma ya jengo ndama watano wa dume wamefungwa kamba fupi juani, wakingojea mnunuzi. Mlinzi aliniambia kuwa wako pale tangu alfajiri na hawakupewa maji. Nilirudi ndani, nikatia sahihi taarifa ya ukaguzi na kuwapongeza viongozi. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika habari za ndama wale, nami sikuandika. Sikumwomba hata mlinzi ndoo ya maji. Jambo hilo halijanitoka moyoni.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ilitungwa mwaka 2008, hivyo hatuwezi kusema kwamba hili ni jambo la Wazungu tu. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa China kutengenezea dawa, imetufikia mpaka kwetu. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Napendekeza kwamba kila chama chenye wanachama wafugaji kiyaweke mambo matatu katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao. Kwanza, Kamati iteue mjumbe mmoja wa kutazama hali ya wanyama mahali popote chama kinapowapokea, kuwapima au kuwapakia, na taarifa yake isomwe pamoja na ya fedha. Pili, katika daftari la mapokezi iongezwe safu moja ya kuandika saa mnyama alipofika, saa alipopewa maji na saa alipoondoka. Gharama yake ni rula na kalamu. Tatu, kabla chama hakijaanzisha mradi mpya wa mifugo, iwe kuku, sungura au nguruwe, wanachama wasiulize tu mnyama huyo atatoa faida kiasi gani. Waulize pia anahitaji nini ili aishi, na kama tunaweza kumpa.

Nami kwa upande wangu, nitakapofika katika chama chenu, nitaomba kuiona safu hiyo ya maji kabla sijafungua kitabu cha fedha.